Chaja ya Gari: Kabla ya Kuuliza Wati, Washa Redio

Miezi mitatu nilikuwa namlaumu mtangazaji. Kila nikiwasha gari asubuhi, taarifa ya habari ilinijia imefunikwa na mkwaruzo, kama vile kuna mtu anafikicha mfuko wa nailoni mbele ya kipaza sauti. Nikampelekea fundi. Akasema antena imekufa, akafunga mpya, nikalipa. Mkwaruzo palepale. Nikarudi, akafungua dashibodi, akakaza waya za spika, nikalipa tena. Wiki iliyofuata nikaruka tuta vibaya, chaja ya simu ikachomoka kwenye tundu la kuwashia sigara ikaniangukia miguuni, na papo hapo msomaji wa habari akasikika kama amekaa kiti cha nyuma. Nikaegesha. Nikairudisha: kwaaa. Nikaitoa: shwari. Nilirudia mara tano, maana sikutaka kuamini kwamba nimetengenezesha gari zima kwa sababu ya kitu kinachotosha kwenye kiganja.

Tangu nianze kusimulia kisa hiki, wasomaji wameniletea vya kwao, na mmoja alishabadilisha redio nzima. Kwa hiyo mwongozo huu una kigezo kimoja kikubwa, na ni kile ambacho boksi halikisemi kamwe: chaja inapiga kelele kiasi gani kwenye redio?

Kelele inatoka wapi? Gari linatoa volti 12, na injini ikiwa inaunguruma hupanda hadi kwenye 14 hivi. Simu inataka 5, au 9 ikiwa inachaji kwa kasi. Ili kushusha umeme huo bila kugeuka pasi, chaja huukata na kuurudisha, kata rudisha, kata rudisha, mara laki kadhaa kwa sekunde. Kila ukataji unarusha vumbi la mawimbi, na vumbi hilo hupanda hadi kwenye FM, kati ya 87.5 na 108, zilezile namba unazozisoma kwenye redio. AM iko chini zaidi, kwa hiyo huumia kwanza. Mtengenezaji mwenye haya huweka koili na kapasita za kulimeza vumbi hilo kabla halijatoka. Asiye na haya anaziacha, kwa kuwa bila hizo chaja bado inawaka, simu bado inajaa, na mnunuzi hajui lolote. Kisha waya wako wa simu, uliolala kwenye dashibodi, unageuka kuwa antena ya kurushia uchafu wote huo.

Kipimo ni rahisi. Weka redio kwenye stesheni dhaifu, ile inayokamatika kwa shida. Chomeka chaja ikiwa imeunganishwa na simu iliyobaki asilimia kumi au ishirini. Si simu iliyojaa, kwani haivuti umeme na chaja itajifanya mpole. Sikiliza, chomoa, sikiliza tena. Sekunde thelathini zinatosha. Ukikuta stesheni imezama, mrudishie mwenyewe hapohapo.

Sasa safu yangu, na sitajifanya sina upande.

Ya kwanza ni Anker, ile ndogo yenye matundu mawili, angalau moja likiwa la USB-C. Ninayo, na nimeipima kwa redio tatu tofauti. Kwenye AM unasikia mnong'ono mdogo ukitega sikio. Kwenye FM sikusikia kitu. Inakaa imezama kwenye tundu, haichezi, na taa yake haikuchomi macho usiku. Najua mtanikumbusha kwamba mwaka 2025 kampuni hiyo iliziita zirudi kutoka sokoni power bank zake zaidi ya milioni moja nchini Marekani kwa hatari ya kushika moto. Ni kweli, na ukiwa na power bank ya kwao angalia namba ya toleo. Ila kampuni inayoita bidhaa yake irudi angalau ina anwani ya kurudishia. Ile iliyoniharibia redio haina hata jina, ina picha ya radi tu.

Ya pili, Belkin. Haina mbwembwe, mara nyingi ni ghali kuliko inavyostahili, lakini niliyoazimwa na dada yangu ilipita kipimo bila kuguna. Ukipewa kama zawadi usiikatae.

Ya tatu itakushangaza: tundu la USB lililokuja na gari lenyewe. Kwa utulivu wa redio lingekuwa namba moja. Shida ni kasi. Kwenye magari mengi ya zamani hutoa nusu ampea kwa volti 5, yaani wati 2.5. Ukifungua ramani huku kioo cha simu kinang'aa, utafika safari na asilimia chache kuliko ulizoondoka nazo. Kama wewe ni mtu wa kusikiliza redio na simu inakaa mfukoni, usinunue chochote. Funga ukurasa huu uende zako.

Ya nne, power bank. Haigusani na nyaya za gari, hivyo redio haina sababu kubwa ya kulalamika. Usiiache tu kwenye gari lililofungwa juani.

Vishikio vya kuchaji bila waya naviweka mwisho, na sitaomba radhi. Simu inapata joto la kuchaji nyuma na joto la jua mbele, mwishowe inajilinda yenyewe na kusitisha kuchaji. Kwa nilizojaribu mbili, moja ilikoroma kuliko chaja yangu ya radi.

Za bei ya chini kabisa? Zipime kwa redio. Hazitafika jioni.

Kasi nitaimaliza kwa mistari miwili kwa kuwa kila mtu anaiandika. iPhone 8 na zilizofuata zinataka tundu la USB-C lenye PD, yaani mfumo wa kuchaji kwa kasi kupitia USB. Samsung zinazochaji kwa wati 25 zinataka pia neno PPS liwe limeandikwa, yaani nyongeza ya PD inayoiacha simu irekebishe volti kidogokidogo. Bila PPS simu itajaa, ila taratibu.

Kinachoniudhi hasa ni namba za maboksi. Nimeshika chaja iliyoandikwa wati 250. Fyuzi ya tundu la sigara mara nyingi ni ampea 10 au 15. Zidisha 15 kwa 12: wati 180, ukiwa umeibana fyuzi hadi ukingoni. Hizo nyingine 70 zinatoka wapi, kwenye honi? Na ukisoma maandishi madogo unakuta wamejumlisha matundu yote kana kwamba kila moja linafanya kazi peke yake. Ukichomeka simu mbili, kila tundu linashuka. Nilipomuuliza muuzaji akachomeka chaja kwenye kibetri chake cha majaribio, taa ya bluu ikawaka. "Dada, si unaona inawaka?" Nikamwambia hata kibatari kinawaka. Nikamwomba twende nayo hadi kwenye gari langu, hatua ishirini tu, tuwashe redio. Akasema boksi likishafunguliwa hairudi. Boksi lenyewe alikuwa amelifungua yeye, dakika moja kabla, ili kunionyesha taa.

Mwingine aliniuzia kile kijivimbe cheusi cha feraiti cha kubana kwenye waya, akaapa kitamaliza tatizo. Kilipunguza. Hakikumaliza, kwa sababu sehemu ya kelele inapita kwenye nyaya za gari zenyewe, ambako kijivimbe hakifiki.

Nilimrudia fundi wangu na ile chaja mkononi, nikamchomekea mbele ya macho yake. Akasikiliza, akacheka, akasema, "Kumbe!" Pesa hakurudisha. Antena yangu ya awali, nzima kabisa, bado iko kwenye buti.