Kilomita 73 kwa Dakika Tano? Uzoefu Wangu na Programu ya Kupimia Safari za Ndege

Mwezi Julai nilitakiwa kuwa kikaoni Unguja kabla ya saa 4:00 asubuhi, na kwa kuwa nimezoea kuvuka kwa boti, niliona nianze kwa kuiuliza programu moja ya bure ya simu inayoonyesha umbali na muda wa safari kati ya viwanja viwili vya ndege. Niliandika DAR kwa Uwanja wa Julius Nyerere wa Dar es Salaam na ZNZ kwa ule wa Abeid Amani Karume wa Unguja, ikanijibu papo hapo kwamba ni kilomita 73, sawa na maili 39 za baharini, na kwamba ndege huruka kwa dakika 5.

Kwenye umbali siilaumu. Programu hupima mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia kwa kutumia latitudo na longitudo, na kwa kuwa viwanja hivi viwili vinakaribiana mno kwa longitudo, mstari huo unaelekea kaskazini takriban moja kwa moja. Niliupima tena kwenye ramani, nikapata vilevile.

Muda ndio ulionichekesha. Ni dhahiri kwamba programu imegawanya kilomita 73 kwa kasi ya jeti kubwa iliyokwisha kutulia angani, yaani kama kilomita 800 kwa saa, ilhali ndege niliyopanda ilikuwa Cessna Caravan yenye injini moja ya pangaboi. Nilibahatika kuketishwa mbele, kando ya rubani, nikaona mshale wa kasi ukielea kwenye noti 150, ambazo hazifiki hata kilomita 280 kwa saa. Isitoshe, huo ulikuwa msimu wa kusi, upepo uvumao kutoka kusini, na ndege hutua ikiukabili upepo; kwa hiyo, ingawa tulitokea kusini na njia ya kurukia ya Zanzibar imelala kaskazini kwa kusini, tulilazimika kuupita uwanja, tukageuka juu ya bahari, ndipo tukarudi kutua. Saa yangu ilihesabu dakika 21 tangu magurudumu yalipoachana na ardhi. Mzunguko huo haumo kwenye hesabu ya programu yoyote inayojua mstari ulionyooka tu.

Hata hizo dakika 21 zilikuwa sehemu ndogo ya safari. Niliondoka nyumbani Sinza saa 11:45 alfajiri, nikasubiri katika jengo la kwanza la abiria, ambalo ndilo la ndege ndogo, mzigo wangu ukapimwa, tukapaa saa 2:10, na nilifika Darajani saa 3:10. Boti hutumia takriban saa mbili majini, lakini hukuteremsha Malindi ya Unguja, mjini kabisa, kwa hiyo kwa mtu anayeishi karibu na Kivukoni, upande wa Dar zinakoondokea boti, sidhani kama ndege ingemwokolea muda wa maana.

Programu hiyohiyo ilinipa pia muda wa kwenda Zanzibar kwa gari, bila kutaja bahari.

Naipa nyota tatu kati ya tano, zote kwa ajili ya umbali. Watengenezaji wangemruhusu mtumiaji kuchagua aina ya ndege na kuongeza muda wa kupaa na kutua, ningeongeza ya nne. Kwa sasa, muda wa safari nauliza dirisha la tiketi.