Friji ndogo ya mlango mmoja: inunue, ila jua inapogandisha mboga

Kwa nyumba inayohesabu hela ya mboga kila siku, friji ya mlango mmoja ya lita 90 hadi 120 ndiyo tunayoipendekeza. Inaenea kwenye chumba cha kupanga, haili umeme sana, na ikisumbua fundi wa mtaani anaimudu, kwa kuwa zile za kawaida hazina feni wala kadi ya elektroniki ya kuungua. Kasoro yake muuzaji hakutajii: inagandisha mboga. Unaweka mafungu matatu ya mchicha jioni, asubuhi yamekakamaa. Wengi huyatupa, na hakuna haja.

Tunazungumzia zile zenye kisanduku cha barafu juu, ndani ya mlango uleule. Chapa ni nyingi, muundo ni mmoja. Ubaridi wote hutoka kwenye kisanduku hicho, na hewa baridi kwa kuwa ni nzito hudondokea rafu iliyo chini yake na kuteremka na ukuta wa nyuma. Thamostati, ile swichi ya kuzungusha yenye namba 1 hadi 7, nayo haijui hali ya droo ya mboga, maana kijimrija chake cha kupimia kimebanwa hukohuko kwenye kisanduku. Kwa hiyo namba hizo si nyuzi joto. Zinaamua tu kisanduku kipoe kiasi gani kabla kompresa, yaani mota ya friji, haijapumzika. Dar es Salaam mwezi wa Januari watu huzungusha mpaka 6 au 7. Juni inafika, jiko limepoa, namba iko palepale, na mboga zinaganda. Arusha au Njombe namba hiyo ni kubwa mno karibu mwaka mzima. Kuna pia mazoea ya kuongeza namba umeme ukirudi ili friji ipoe haraka. Haipoi haraka, kwa sababu kompresa hizi zina mwendo mmoja. Inachelewa tu kuzima, na usiku ukipita kila kitu ni barafu.

Kabla ya kuiamini na mboga zako, ipime. Weka namba 3, iache saa 24, kisha panga vikombe vidogo vya maji: kimoja chini ya kisanduku, kimoja nyuma ya rafu ya kati, kimoja mbele, kimoja ndani ya droo. Asubuhi, palipo na utando wa barafu pasikae mboga. Maji huganda nyuzi 0 na mboga huganda chini kidogo ya hapo, kwa hiyo kikombe kinakuonya mapema. Ukiwa na kipimajoto, kitumbukize kwenye glasi ya maji rafu ya kati. Kisome nyuzi 4 au chini kidogo. Banisha noti mlangoni: ikichomoka bila kushikwa, mpira wa mlango umelegea, joto linaingia, kompresa haipumziki, na nyuma kunaganda ingawa mbele pana joto. Barafu ikifikia unene wa nusu sentimita, zima friji uiyeyushe. Usichokoe kwa kisu hata kidogo. Ukitoboa kisanduku gesi inatoka, na friji nyingi mpya zina R600a, gesi inayoshika moto.

Mboga hazigandi sawa. Saladi huganda karibu na nyuzi -0.2, spinachi -0.3, nyanya -0.5, kabichi -0.9, karoti -1.4. Basi karoti na kabichi ndizo za kuweka nyuma, majani yakae droo ya chini upande wa mlangoni, yakiwa makavu na yamefungwa kwa kitambaa. Nyanya, viazi na vitunguu visiingie kabisa. Nyanya hupoteza ladha kwenye baridi, viazi hugeuza wanga kuwa sukari na chipsi zake huungua rangi mapema, vitunguu vinataka hewa.

Zikishaganda, kanuni ni moja: usiziyeyushe mezani, zitoe ziende moja kwa moja jikoni. Barafu imepasua kuta za chembe za mboga. Ikiyeyuka maji yote hutoka, jani linabaki uteute, na rangi na ladha vinaanza kuharibika. Ikikutana na moto ikiwa bado ngumu, maji hayo hukauka sufuriani na utamu wake hubaki humo.

Mchicha, matembele na sukuma wiki ndizo zinazookoka vizuri kuliko zote. Havihitaji kisu, vibonyeze kwa mikono vingali na barafu, vinavunjika vyenyewe. Kwa mafungu matatu, kaanga kitunguu kimoja kwa vijiko viwili vya mafuta, tia nyanya mbili, ziive ndipo umwage majani. Ukiyatupia kwenye mafuta matupu yatarusha na kuunguza. Moto mkali, bila kifuniko, bila tone la maji, dakika 4 hadi 6. Sukuma wiki iongezee mbili tatu. Tui zito nusu kikombe au karanga za kusaga vijiko vitatu viingie maji yakishakauka. Wanaolalamika kuwa mboga iliyoganda haina ladha karibu wote wamefunika sufuria.

Nyanya zilizoganda ni rojo lililorahisishwa. Zipitishe chini ya bomba, ganda linatoka lenyewe. Kilo moja pika wazi dakika 25 hadi 30 mpaka ibaki kama nusu, ndipo utie chumvi, maana ukiitia mwanzo rojo likipungua chumvi inazidi. Hoho na pilipili zikate zikiwa ngumu, zinafaa mchuzi na rosti. Karoti zikwangue kwenye maharage au pilau. Kabichi haitatafunika tena kwenye kachumbari, lakini ya kukaanga na karoti inaiva upesi kuliko mbichi. Bamia haina hasara yoyote kwenye mlenda. Kitunguu kitachelewa kuwa cha kahawia kwa sababu maji yake lazima yaishe kwanza, hivyo anza nacho bila mafuta, mafuta yafuate. Tangawizi na kitunguu saumu ni rahisi zaidi kukwangua vikiwa vimeganda. Tango limenye, ulikamue, uliweke kwenye mtindi wenye chumvi. Saladi itie kwenye supu.

Viazi vibichi vilivyoganda ndivyo vinavyosikitisha. Vikiyeyuka huwa vyeusi na majimaji. Vichemshe papo hapo, uvisage ndani ya supu, usivikaange.

Mboga uliyoikuta imeshayeyuka lakini bado ina chembe za barafu au ubaridi wa friji, ipike. Iliyokaa nje zaidi ya saa 2, au saa 1 kwenye joto la kupita nyuzi 32, itupe. Kuganda hakuui vijidudu, kunavisimamisha tu.

Rojo na mboga zilizopikwa unaweza kuzirudisha kwenye kisanduku, ila angalia nyota zilizochorwa mlangoni kwake. Nyota moja ni nyuzi -6, karibu wiki moja. Mbili ni -12, karibu mwezi. Tatu ni -18, na hapo miezi mitatu haina shida. Bila nyota ni kisanduku cha kutengenezea barafu tu, kula ndani ya siku mbili. Mwenye nyota tatu anaweza kununua majani mengi siku ya bei nzuri na kuyagandisha kwa makusudi: dakika 2 kwenye maji yanayotokota, kisha maji baridi sana, kamua, gawa vifungu vya mlo mmoja.

Dukani, soma kibandiko kabla ya bei. Tafuta herufi T, iliyotengenezwa kwa joto la nyuzi 16 hadi 43. N inaishia 32, na mitumba mingi ya Ulaya ni ya namna hiyo, itahangaika Dar. Kibandiko kikisema kWh 150 kwa mwaka, ni kama uniti 12 na nusu za LUKU kwa mwezi, na katika jiko la joto zitazidi. Acha sentimita 10 nyuma yake. Mama lishe na familia inayonunua mboga za wiki nzima kwa gunia wasiichukue. Kwao droo moja haitoshi, mboga zitabanwa na ukuta wa nyuma kila siku, na friji ya milango miwili yenye feni itawarudishia tofauti ya bei.