Nimepanda bajaji kwenda nyumba ya pili kununua kuku

Nianze na kuku wenyewe, nisije nikaambiwa nina chuki binafsi. Kuku wao ni mtamu. Ngozi kavu, nyama ya ndani haijakauka, viungo vimeingia hadi kwenye mfupa, na chipsi unafika nazo nyumbani bado hazijalegea. Wangekuwa wanauza kuku peke yake ningewapa nyota nne nikaendelea na shughuli zangu. Lakini wana pia dirisha la magari, draivu-thruu, la kuagiza na kuchukua chakula bila kushuka kwenye gari, wamelichomeka katikati ya nyumba za watu huku kwetu Kijitonyama, Dar, na hasira ya hilo dirisha mpaka leo haijanitoka.

Jina la mgahawa siliandiki. Wa mtaani mnaujua.

Siku hiyo ilikuwa mwisho wa mwezi, usiku. Umeme umekatika, gesi imeisha, binti yangu karudi tuisheni hajala kitu. Mgahawa ni nyumba ya pili kutoka kwetu, wao wana jenereta, taa zinawaka kama kawaida. Nikamwambia twende tukanunue tule tulale. Kufika, mlango wa mbele umefungwa. Kumbe usiku ukiingia wanafunga ukumbi, linabaki dirisha tu. Nikasema haya, dirisha si dirisha. Tukafuata ile njia ya pembeni hadi kwenye ubao wa vyakula wenye spika.

Nikasalimia. Kimya. Nikapiga hodi, nikaita "dada", nikainama karibu kabisa na ile spika kama mtu anayemnong'oneza mgonjwa. Kimya. Mwanangu ndiye aliyenifahamisha: chini ya sakafu pale wamezika waya unaohisi chuma cha gari. Gari likisimama juu yake, mhudumu anasikia mlio masikioni, anajua mteja kafika. Mtu kwa miguu yake hahisiwi. Ungesimama pale mpaka adhana ya alfajiri, kwao hakuna aliyekuja.

Tukasogea hadi dirishani. Kuna msichana, kofia kichwani, kisemeo sikioni. Akasukuma kioo upana wa kiganja.

"Mama, hapa ni magari tu."

"Mwanangu, mimi ni jirani yenu, geti lile la bluu. Nipe vipande vinne na chipsi, hela hii hapa."

"Haiwezekani mama, oda inaanzia kule kwenye spika."

"Kule hajaitika mtu."

"Ni kwa sababu hamna gari."

Kioo kikarudi. Noti yangu bado iko hewani. Nyuma yetu Prado imeshafika, inapiga honi, na honi zinatofautiana jamani: ile haikuwa ya kuomba njia, ilikuwa ya kufukuza mbuzi barabarani. Mlinzi akaja na tochi, akanimulika usoni mbele ya mwanangu. "Mama tokeni hapo, mtagongwa. Hii siyo njia ya waenda kwa miguu."

Nikamuuliza, "Kaka, basi nionyeshe ya waenda kwa miguu iko wapi." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, na alisema kwa nia njema kabisa, hilo ndilo lililonichoma: "Chukua bajaji mama. Ukija na bajaji wanakuhudumia vizuri tu." Akapiga mluzi. Bajaji ilikuwa imepaki ng'ambo ya mtaro, ikawashwa, ikaja. Dereva hata hakuuliza tunaelekea wapi. "Buku," akasema. Nikaelewa kwamba hii ni kazi yake ya kila usiku, kuwavusha watu wazima wenye miguu yao mizima kutoka getini hadi dirishani.

Nikapanda, kwa sababu mtoto ana njaa. Bajaji ikazunguka, ikapita pale penye waya, na spika ikafufuka: "Karibu sana mpendwa mteja, ungependa tukuhudumie nini?" Sauti ileile. Dirishani kioo kikafunguliwa chote. Msichana yuleyule akanikabidhi mfuko kwa mikono miwili, akatabasamu: "Asante mama, usiku mwema, karibu tena." Hela ni ileile aliyoikataa, mkono ni uleule. Nimezeeka mji huu, nimesukumwa kwenye daladala, nimefokewa kwenye kaunta za ofisi, lakini sijawahi kuambiwa kwa vitendo kwamba salamu yangu haihesabiki mpaka niwe nimekaa juu ya matairi.

Simlaumu yule binti, ni mwajiriwa, anafuata alichofundishwa. Hapana, namlaumu kidogo. Kioo kilikuwa mkononi mwake.

Kesho yake nikaenda kumwona meneja. Kijana mpole, akaniamkia, akanipa kiti. Akanieleza kwamba ni utaratibu wa kampuni, na kwamba wanafanya hivyo kwa usalama wetu, maana mtu akigongwa kwenye ile njia lawama ni yao. Nimeambiwa hata huko nje ya nchi sababu inayotolewa ni hiyohiyo. Nikamwambia, mwanangu, nimekuelewa, basi turudi nyuma hatua moja. Kama kumweka mtu kwa miguu hapo ni hatari, hatari hiyo mmeileta nyinyi, tena mmeileta mahali ambapo kila mtu anatembea. Asubuhi watoto wa shule wanapita hapo mbele. Wauza maji, mama wa vitumbua, fundi cherehani, sote tunapita hapo. Njia yenu ya kuingilia na ya kutokea zimekata kile kipande ambacho tulikuwa tunapita bila kugeuza shingo. Akasema atalifikisha kwa uongozi. Nadhani mnajua uongozi uko wapi siku zote.

Kijitonyama na Sinza siyo sehemu zilizojiotea hovyo. Zilipimwa miaka ya 1970 kwenye ule mradi wa viwanja na huduma, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ili watu wa kipato cha kawaida wapate kujenga. Viwanja vikawa vidogo, mitaa ya ndani ikawa myembamba. Leo kila kiwanja kina nyumba, vyumba vya kupanga uani na fremu za maduka mbele. Sasa chukua biashara ambayo moyo wake ni foleni. Gari moja kwenye mstari, pamoja na nafasi ya mbele yake, linakula kama mita sita. Magari kumi ni mita sitini. Kwenye kiwanja cha huku, mwenye mgahawa mita sitini anazitoa wapi? Hana, kwa hiyo anazichukua barabarani, na barabarani maana yake ni mbele ya geti langu. Ijumaa jioni usithubutu kutoka na mgonjwa. Gari la taka limewahi kushindwa kuingia, likaondoka, tukabaki na viroba vyetu juani hadi wiki iliyofuata.

Ubavuni kuna ile spika. Ukuta wa chumba cha wazazi wangu umepakana nayo. Baba anajua menyu yote kwa kichwa na hajawahi kula pale. Saa saba usiku anasikia mtu akiulizwa kama anataka pilipili.

Mtaniuliza tulikuwa wapi wakati wanajenga. Tulikuwepo. Bango la kubadilisha matumizi ya kiwanja liliwekwa, maana Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 haikuruhusu kugeuza makazi kuwa biashara kimyakimya. Liliandikwa "makazi na biashara". Sisi tukaona ni mgahawa, vijana watapata ajira, tukashukuru. Bango halikusema magari yatakesha ubavuni mwetu yakiwa yamewashwa, moshi unaingia madirishani. Hapo serikali ya mtaa na halmashauri nao wana lao la kujibu, maana kibali cha mgahawa wa kukaa na kula na kibali cha mgahawa wa foleni ya magari visingetakiwa kuwa karatasi moja.

Kitu chenyewe hiki kina asili yake. Dirisha la kwanza la aina hii la McDonald's lilifunguliwa mwaka 1975 Sierra Vista, Arizona, kwa ajili ya wanajeshi wa kambi ya karibu ambao hawakuruhusiwa kushuka kwenye gari hadharani wakiwa na sare zao za kazi. Ina maana, kabisa. Mtu hawezi kushuka, mletee alipo. Na hata huko Marekani kwenye nafasi ya kumwaga, jiji la Minneapolis lilipiga marufuku madirisha mapya ya magari mwaka 2019, kwa sababu ya moshi, kelele na usalama wa wanaotembea. Wenzetu wanayapunguza mijini, sisi tunayapokea tukidhani ndiyo maendeleo, mji huohuo tunaoujengea njia za mabasi ya mwendokasi ili watu waache magari nyumbani.

Halafu kuhudumiwa ukiwa ndani ya gari ni jambo la zamani sana Dar. Nenda Coco Beach jioni, simamisha gari, kabla hujazima injini kijana ameshakuletea mihogo na kachumbari dirishani. Kibanda cha chipsi cha mtaani kwetu ni hivyohivyo: mwenye gari anashusha kioo, anaagiza, anasubiri pembeni, mimi nakuja na kandambili zangu, naagiza, nakaa kwenye benchi. Anayewahi ndiye anayewahi. Hakuna waya chini ya ardhi unaochagua nani ni mteja.

Ila ngoja. Shangazi yangu alipata kiharusi, mguu mmoja hauna nguvu. Tangu augue alikuwa hataki kutoka, anaona aibu kushushwa kwa kubebwa mbele za watu. Binamu yangu akampeleka pale dirishani. Akaagiza mwenyewe kwa kinywa chake, ulimi mzito hivyohivyo, na yule yule msichana akamsubiri amalize neno kwa neno bila kumharakisha. Shangazi alirudi anacheka, ameshika soda yake. Hilo nililiona kwa macho yangu, na kila nikitaka kuandika "lifungwe" mkono unasita. Na mama mwenye kichanga kimelala kiti cha nyuma, mvua ya masika inapiga, yeye naye utamwambia nini?

Basi lisifungwe. Lakini waingie kutokea barabara kubwa, siyo mtaani kwetu. Foleni iishie ndani ya uzio wao, ikijaa mlinzi afunge geti, ile tochi aitumie kwa kazi hiyo. Spika izimwe usiku, mhudumu atoke na karatasi achukue oda kwa mdomo. Na watoboe dirisha la pili upande wa mtaa, la watu wanaotembea, lifunguliwe saa zote ambazo la magari liko wazi. Tofali chache tu, kioo na taa. Wasipolitoboa, mimi nitasaini barua ya majirani inayokwenda NEMC, wale wasimamizi wa mazingira, kuhusu kelele, na nitazunguka nayo nyumba hadi nyumba.

Nilitaka kutoa nyota tatu, kwa ajili ya kuku na kwa ajili ya shangazi. Jana nimepita hapo nikakuta wamebandika kibao kipya kwenye ile njia: picha ya mtu anayetembea, imekatwa na mstari mwekundu. Nyota moja.

Na wewe mwenye gari unayesoma hapa, ukienda, usipige honi, zima injini kama foleni haisogei, na usiegeshe mbele ya geti la bluu. Kuna mzee ndani na huwa anahitaji kutoka.