Kitabu cha Bakhtin kuhusu Rabelais na kicheko cha kanivali: uzoefu wangu

Nimekimaliza juzi usiku, Rabelais and His World cha Mikhail Bakhtin, mwanafalsafa wa Urusi, kinachomsoma mwandishi Rabelais kupitia kanivali, zile sherehe za mtaani za Ulaya kabla ya Kwaresima, tafsiri ya Kiingereza ya Hélène Iswolsky. Nakala yangu ni ya mtumba, niliagiza mtandaoni, muuzaji kaandika "hali nzuri" kumbe gundi imeshakauka, siku ya kwanza tu sura ya tano ikanibaki mkononi. Nikapeleka stesheneri wakaibaindi upya, sasa iko imara ila kwa kweli iliniuma.

Kilichonifanya nikitafute ni Rabelais mwenyewe. Huyu alikuwa mtawa, baadae daktari wa hospitali kule Lyon, Ufaransa, na 1532 akatoa Pantagruel, hadithi ya kuchekesha ya majitu, kisha ikafuata Gargantua. Nilijaribu kusoma Gargantua nikashindwa. Mama mjamzito anakula utumbo wa ng'ombe mpaka kupitiliza, mtoto, ndo jitu Gargantua mwenyewe, anatokea kwenye sikio la kushoto na kitu cha kwanza anapiga kelele apewe kinywaji, akishakua anaenda Paris anawakojolea watu toka juu ya kanisa wanakufa 260,418, "bila kuhesabu wanawake na watoto". Nikafunga kitabu, nikasema huyu mzee anatukana tu.

Bakhtin ndo kanifungua macho. Anakupeleka kwanza sokoni, maana Lyon ilikuwa na magulio makubwa manne kwa mwaka, wauza dawa wanapayuka, wachekeshaji wako jukwaani, na lugha ya pale matusi na sifa zinatoka mdomo mmoja kwa pumzi moja. Ndo maana Rabelais anawasalimia wasomaji wake kama walevi watukufu na wagonjwa wa kaswende wapendwa sana, na hawadharau hata kidogo, anawakaribisha. Mtu aliyekulia kwenye utani wa Mnyamwezi na Mzaramo hahitaji kuelezwa mara mbili.

Sehemu iliyonishika kabisa ni ya mishumaa. Bakhtin kaichukua kwa Goethe, mshairi wa Ujerumani, aliyeiona Roma mwaka 1788, usiku wa mwisho wa kanivali kabla ya Kwaresima. Barabara nzima kila mtu kashika mshumaa na kazi ni moja, zima wa mwenzio huku unapiga kelele "auawe asiye na mshumaa!" Sasa kuna mtoto anauzima wa baba yake, anapaza sauti "auawe bwana baba!", mzee anamkaripia wapi, mtoto anazidi tu maana usiku ule ni ruhusa. Nilisoma hapo nikaweka kitabu chini. Nilikumbuka msiba wa babu, mtani wake kaingia kaburini kalala kabisa, anasema hatoki mpaka alipwe, na bibi ambaye alikuwa hajaongea siku mbili akacheka huku machozi yanamtoka. Bakhtin anasema kicheko cha aina hiyo kinazika na kuzaa kwa wakati mmoja, na mimi namwamini kwasababu niliona.

Ila sijakubaliana nae kila kitu. Anajirudia sana, kurasa karibu 500 zingetosha 300. Halafu anaipenda kanivali kupita kiasi, hao watu anaosema wote walikuwa sawa uwanjani, mbona hapohapo Roma Wayahudi walilazimishwa kukimbia mbio za kanivali huku watu wanawazomea, na mbio hizo zikaja kufutwa 1668? Yule aliyekimbizwa hakuwa anacheka na wenzie. Hili alipaswa kuliangalia kwa karibu na nimesikitika hakufanya.

Namuelewa lakini. Aliyaandika haya Urusi ya Stalin, ameshapelekwa uhamishoni Kazakhstan, mwaka 1938 kakatwa mguu, tasnifu yake kuhusu Rabelais akaitetea 1946 wakamnyima shahada ya udaktari, kitabu kikatoka 1965. Mtu wa maisha hayo kung'ang'ania kicheko cha watu wa kawaida, mimi namheshimu sana.

Ushauri wangu soma utangulizi polepole, nenda sura ya lugha ya sokoni, alafu mrudie Rabelais. Mimi nimeshamrudia, niko pale Gargantua anapozing'oa kengele za kanisa la Notre-Dame kule Paris anataka kumvalisha farasi wake shingoni, na safari hii sijafunga kitabu.