Geji ya upepo ya elfu 28, miezi minane nayo Dar mpaka Tunduma

Wakuu salama? Mimi ni dereva wa semi, napeleka salfa Congo narudi na shaba, njia ya Tunduma, mwaka wa kumi na moja huu. Leo naongelea kitu kidogo mno, geji ya kupimia upepo wa tairi, ile ya fimbo, chuma tupu, yenye vichwa viwili kwenye ncha, kimoja kinasukuma mbele kingine kinarudi nyuma, ukiibana kwenye valvu kafimbo kenye namba kanachomoka mkiani kanakuambia psi ngapi, yaani kipimo cha nguvu ya upepo ndani ya tairi. Haina betri wala kioo. Nimenunua Kariakoo upande wa Gerezani, muuzaji alianza na 40 akaona sina haraka tukamalizana 28.

Miaka yote hiyo nilikuwa napima tairi kwa chuma kama nyie wote, msibishe. Asubuhi unashuka na kipande cha nondo unazunguka gari, ngo, ngo, ngo, likilia pwaa unajua hilo limekwisha, unaita fundi. Tairi 22, dakika tano tu umemaliza unawasha gari. Shida ya nondo inajua vitu viwili tu, tairi zima na tairi lililokufa kabisa, lenye psi 115 na lenye 80 yote yanalia ngo. Mimi hilo nimelijua kwa kuungua, na siongei kwa mafumbo.

Mwaka jana narudi na mzigo, nimeiacha Chimala naitafuta Igawa, saa nane mchana, jua la Mbarali mnalijua. Asubuhi Mbeya nilipiga nondo tairi zote zikajibu vizuri. Mara basi linanipita linapiga honi mfululizo na konda katoa mkono dirishani ananyoosha kidole nyuma, naangalia kioo naona moshi, nikasema breki imekamata hiyo. Nimeshuka nakuta ekseli ya kati ya tela, kila upande tairi ziko mbili bega kwa bega, la ndani ndo linawaka, la nje limetulia kama halihusiki. Nimekimbilia mtungi wa kuzimia moto, ukatoa vumbi kidogo pfff, basi, na stika yake ya ukaguzi bado inang'aa. Nikamwaga dumu langu la maji ya kuoga, moto ukazima, dakika mbili ukawaka tena, maana tairi likishashika joto liko ndani kwenye mpira na nyaya, unazima mwali wa juu tu. Walioniokoa ni vijana waliokuwa kwenye majaruba ya mpunga pale, walichota maji mferejini na ndoo mpaka mvuke ukaisha. Zimeondoka tairi mbili na mpira mmoja wa upepo wa breki, halafu bosi ananiuliza asubuhi ulikagua nini, akakata mshahara. Na nilikagua kweli!

Fundi ndo akanielewesha. Lile la ndani lilikuwa linavuja kidogo kidogo labda siku nne, msumari tu, na kwa kuwa la nje limelibeba mwenzake hakuna anayeona, gari haliinami wala halivuti upande. Mzigo wa wawili anabeba mmoja, na yule mlegevu anajikunja na kujikunjua kila mzunguko, lami yenyewe ya moto, kilomita mia mbili za hivyo lazima liwake au libasti.

Haya sasa geji. Siku ya kwanza nimepima yadi Dar kabla ya safari, kati ya tairi 22 saba zilikuwa chini ya 100, moja 68, na zote nilikuwa nimeshazigonga zimelia ngo. Nilikaa chini kwenye ngazi ya kichwa cha gari nikacheka peke yangu kama chizi.

Ina usahihi? Nilikuwa na wasiwasi kwa bei ile. Nimeilinganisha na geji ya saa ya fundi mmoja Tunduma, yake inasema 120 yangu inasema 104, nikaona nimepigwa. Fundi wa pili hatua ishirini kutoka pale geji yake ikasema 107. Baadaye nimeipeleka kwenye duka kubwa la tairi mjini Mbeya wana mashine ya kidijitali, tukapishana psi 2. Kwa hiyo yule wa kwanza ndo amekuwa akituuzia upepo hewa miaka yote, na sidhani hata yeye anajua, geji yake imeanguka chini mara ngapi mpaka mshale umepinda.

Kitu nilichojifunza ambacho hakuna aliyeniambia ni kuandika. Nina daftari la shule, kila asubuhi kabla ya kuwasha gari, tairi za baridi, naandika namba zote 22. Mwanzo ilinichukua nusu saa, sasa robo saa. Namba moja peke yake haisemi kitu, inasema ukiilinganisha na ya jana. Ukilala Makambako ile baridi yake, asubuhi zote zinashuka pamoja psi tatu nne hivi, hiyo baridi, usihangaike. Ikishuka moja peke yake wenzake wamesimama, huo ni msumari, tafuta fundi kabla hujaondoka. Na msipime mkiwa mmetoka kutembea halafu mkashtuka mkaanza kutoa upepo jamani. Nilikuta dogo mmoja kwenye foleni ya mizani, tairi za moto zimesoma 135, anabonyeza valvu anapunguza moja baada ya nyingine anaona anaokoa gari. Nikamwambia mdogo wangu, kesho asubuhi zikipoa utakuwa na 95 na Kitonga unaiteremka na mzigo, breki zinapika rimu, rimu inapika tairi. Akaniangalia kama nimemtukana, ila aliacha.

Mizani yenyewe nayo, Vigwaza sijui Mikumi Wenda Makambako mpaka Mpemba, unasimama masaa wanapima ekseli zako unapewa karatasi umepita. Sawa, ni kazi yao. Ila ile karatasi inakuambia ekseli imebeba kilo ngapi, haikuambii zimebebwa na tairi nne au mbili.

Mabaya ya hii geji yapo. Vumbi likiingia kafimbo kanakwama kanasoma uongo, lazima uifute na kitambaa na uigonge kiganjani irudi sifuri. Namba ni ndogo na wino wa miaka hii si wino, kuanzia 90 mpaka 110 kwangu zimeshaanza kufutika, na hapo ndo penye kazi yote. Saa kumi na moja alfajiri unashika tochi na meno. Na usipoibana vizuri inavujisha upepo unaoupima, pssss, ukirudia mara tatu umepunguza mwenyewe psi mbili.

Kero kubwa lakini si ya geji, ni valvu za tairi za ndani. Tela letu valvu zimekaa vibaya, mkono haupenyi kwenye tundu la rimu, kichwa kile cha kurudi nyuma kinasaidia ila si kwa zote. Nimenunua zile valvu ndefu za kuongezea, mbili kati ya nane zenyewe ndo zikawa zinavuja! Nikazirudisha za kawaida kwa hizo mbili, napima kwa kulala mgongoni chini ya tela kama fundi gereji. Weka jiwe kwenye gurudumu kabla hujaingia huko, na ukitoka jiwe uliondoe barabarani, pikipiki za usiku hazilioni.

Na ukikuta tairi limeshuka mpaka 60 huko na limetembea hivyo, usilijaze hapo hapo kwenye gari kisa una mpira wa upepo kutoka kwenye tanki la upepo la gari. Lifunguliwe likaguliwe ndani. Nyaya za ubavuni zimeshachoka, ukilijaza linafunguka ubavu mzima kama zipu, na linafungukia usoni kwa aliyekaa mbele yake. Kuna mahali baada ya Mafinga nilimkuta fundi kijana amelikalia tairi la namna hiyo analijaza huku anakula muhindi. Nilimtoa kwa ukali mpaka watu wakajaa, tukalifungua kulikagua, ndo nikarefusha mpira tukalijazia nyuma ya lundo la tairi chakavu.

Kwa elfu 28 naipa 7 kwa 10, moja nimeitoa kwa namba kufutika, moja kwa vumbi, na moja kwa sababu muuzaji aliniapia haina mfano na duka la pili lilikuwa nazo ndoo nzima. Ukienda uliza inayosoma mpaka 160, zipo za gari ndogo zinaishia 50 wanakuchomekea. Zile namba nimezikwaruza upya na msumari.