Nyota moja kwa king'amuzi kinachoficha matusi kwa kuyapigia king'ora

Picha haina neno. Mpira unaonekana hadi majani ya uwanja. Nyota ninazokata ni za ule mlio wa piii.

Mlio wenyewe ni toni ya hezi 1000, ileile mafundi hutumia kupimia mitambo. Hawa wenye king'amuzi wameibandika juu ya mazungumzo bila kuipunguza, na toni ya kupimia huwa juu kuliko sauti ya mtu anayeongea. Ndiyo maana mwigizaji akinong'ona tusi, sebule nzima inapigiwa king'ora, na mtoto aliyekuwa ameinamia kazi ya shule anainua kichwa kuuliza amesema nini. Wangeishusha desibeli nane au kumi chini ya mazungumzo, asingeshtuka.

Tena hawalengi. Televisheni yetu hupitisha fremu 25 kwa sekunde, kila moja milisekunde 40, na tusi fupi la Kiingereza humaliza fremu saba au nane hivi. Wao wanachelewa fremu mbili mwanzoni, wanaachia mbili mapema mwishoni. Konsonanti ya kwanza unaisikia, ya mwisho pia. Kilichofichwa ni irabu! Na kwa kuwa wanakata sauti yote badala ya mkondo wa mazungumzo peke yake, mvua ya kwenye filamu nayo inakatika ghafla, halafu inanyesha tena.

Ningevumilia hayo. Kilichonichosha ni maandishi ya Kiswahili chini ya skrini. Yanachujwa na programu, na ni wazi aliyeipangia orodha ya maneno aliondoa viambishi, akaweka mizizi mitupu, akaiambia itafute popote ndani ya neno na kuifuta. Kwa Kiswahili huo ni wazimu. Juzi mama wa kwenye tamthilia anamsihi mwanawe "jaribu liza chakula chako". Mwalimu anauliza, "Unakusudia anisha nini?" Mji wa Japani wa Kumamoto ukatokea kwenye habari kama "moto". Dawa yake ni kulinganisha neno zima, kisha kuorodhesha kwa mkono kila umbo la umoja na wingi. Ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu anayekijua Kiswahili. Na tusi la Kijaluo, hata zito la kumtoa mama mkwe sebuleni, linapita zima. Orodha haina Kijaluo.

Kanuni za utangazaji za hapa Kenya zinalinda watoto kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Sasa piii ya saa sita usiku, kwenye filamu yenye alama ya 18, inamlinda nani? Saa mbili jioni mtu alikatwa koo bila kufichwa hata tone la damu.

Nimefika dawati lao la wateja hapa Kisumu. Kijana, macho kwenye simu: "Si uzime tu sauti, mzee?" Yaani nilipie kifurushi halafu nitazame bubu. Hata "pole" hakuna.

Anayetaka nafuu aingie kwenye mipangilio, sehemu ya lugha, azime maandishi. Kisha sehemu ya sauti, abadilishe kutoka stereo kwenda mkondo mwingine kama upo. Wakati mwingine piii imewekwa kwenye mkondo mmoja tu, na ule wa pili una tusi lote, safi kabisa, pamoja na mvua yake.

Nilikuwa nimeandika nyota mbili, kwa heshima ya mpira. Hata tatu nilizifikiria, maana mechi haikatiki. Kisha habari za michezo zikapita chini ya skrini: beki ametolewa kwa kadi nye*.

Moja.