Mazoezi mawili na mkoba wa mchanga: kliniki ya fiziotherapia niliyorudi

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoinyima nitaieleza.

Mimi ni fundi cherehani, cherehani ya kukanyaga, na kisigino cha kushoto ndicho kilichonitia adabu. Kila asubuhi hatua kumi za kwanza nilizipiga nikishika ukuta, kano ya nyuma imekaza kama uzi unaotaka kukatika. Kliniki ya kwanza, siitaji, nililazwa na mashine ya umeme dakika 20 kisha nikapewa karatasi ya mazoezi 11. Jirani yangu anaumwa goti. Akanionyesha yake: ni ileile, imetolewa nakala mpaka yule mtu wa kwenye mchoro hana kichwa.

Hii ya pili, mtaalamu alianza kwa kuhesabu. Nichuchumie kwa mguu mmoja mpaka nishindwe: kulia 25, kushoto 11. Akaandika. Akauliza kazi yangu, nakaa saa ngapi, nalala saa ngapi. Ndipo akasema njia zilizofanyiwa utafiti mzuri ni zaidi ya moja. Kuna ya mwaka 1998, kutoka Sweden: kushusha kisigino kwenye ukingo wa ngazi mara 180 kwa siku, kila siku, wiki 12. Kuna ya kupandisha na kushusha kisigino polepole ukiwa na uzito mkubwa, siku tatu tu kwa wiki. Zilipolinganishwa, matokeo yalikaribiana. “Chagua utakayodumu nayo, mama.”

Mia na themanini! Na oda za watu nani azishone? Nikachukua ya uzito.

Sina vyuma nyumbani, basi tukatumia mkoba wa shule wa binti yangu, ndani mchanga. Nikisimama, uko mgongoni; nikikaa, uko juu ya goti. Sekunde 3 kupanda, 3 kushuka, seti 3, yaani mizunguko mitatu, kila mmoja mara 15. Wiki zikisonga, hesabu inashuka hadi 12, halafu 10, halafu 8, na mchanga unaongezwa. Maumivu hayakukatazwa. Kati ya 0 na 10, mpaka 5 ruksa, mradi asubuhi yake kisigino kiwe kimetulia. Wiki ya 5 niliongeza mchanga kwa ubishi wangu, nikaamka nachechemea. Hakunikaripia, alipunguza kopo moja, tukaendelea.

Sasa lawama. Miadi ya saa nne, naitwa saa tano kasoro kumi, na si mara moja. Na ile daftari ya kujazia seti imechapwa kwa herufi ndogo hata mimi ninayetunga uzi kwenye sindano nilivaa miwani.

Wiki ya 12 tulihesabu tena: kushoto 21. Anataka niendelee kidogo. Binti yangu naye ameshadai mkoba wake mara mbili.